Bi Harusi Asiye na Uso

Miungu wote walikuwa mezani wanakula na kunywa, ila bi harusi hakuwa na uso. Mahali pa uso palikuwa na tundu, na tunduni ilionekana sakafu ya chumba cha kufungia mizigo, ghorofa ya juu ya jengo la Tianxiu.

Bi Fathiya alipiga magoti kando ya picha akawasha tochi ya simu. Zamani, kabla ya kumfuata mumewe Guangzhou, alikuwa askari kanzu Unguja. Mume alishazikwa huku huku ugenini, na kazi ile ya zamani ikamrudia kwa mlango wa uani. Mfanyabiashara akipotelewa na mzigo, au akikuta boksi limefunguliwa njiani, haendi polisi, ambako ataulizwa viza kabla hajaulizwa shida. Humwita Bi Fathiya.

"Othman, umenizibia mwanga."

Othman alisogea. Alikuwa mtu wa Kariakoo, mpana wa mabega na wa maneno, anayepeleka Dar vigae na taa za kuning'iniza. Nyumba yake mpya ya Mbweni ilikuwa tayari, imebaki mke, na mke naye alishapatikana: Sihaba, wa Unguja, aliyeachwa na mumewe mwaka huu huu. Picha ilikuwa zawadi ya harusi. Othman aliiona simuni, kazi ya Mtaliano mmoja wa enzi zile Wataliano walipofufua hadithi za Wayunani wa kale, akaagiza inakiliwe kwa ukubwa wa ukuta wa sebule. Walio uchi wavikwe nguo, alisema, na bi harusi apewe sura ya Sihaba.

"Niambie nani ni nani," alisema Bi Fathiya.

"Huyu bwana harusi, Peleo, binadamu tu kama mimi. Huyu mwanamke ni Theti, mungu wa baharini. Wanasema alipotakiwa kuolewa alijigeuza moto, akajigeuza maji, ili asishikike. Hawa wengine wageni."

"Na huyu wa mlangoni, mwenye tunda?"

"Huyo hakualikwa. Karusha tofaa la dhahabu katikati ya wanawake, wakaligombania mpaka vita ikazuka." Othman alipiga kofi moja la kukata maneno. "Bi Fathiya, sikukuita kwa hadithi. Mharibifu namjua, ni Agripina aliyeichora. Juzi nilimwambia aongeze shanga kwenye nguo, akanijibu mbele za watu kwamba bora aichane kuliko kuigusa tena. Jana kaja hapa, kaachwa nayo peke yake. Leo haina uso. Utata uko wapi?"

"Nani kasema aliachwa peke yake?"

"Ameir, mfungaji."

Ameir alikuwa dirishani, anapigilia misumari sanduku la mbao ambalo picha ingesafirishwa ndani yake. Hakuinua kichwa. "Ndiyo, bibi. Nilitoka kidogo kufuata mbao."

"Umesikia," alisema Othman. "Eda ya Sihaba imeisha baada ya Idi, posa yangu imepokewa, ndoa mwezi ujao. Nitampelekea nini, picha ya kichwa kilichotobolewa? Leo leo chuo cha Agripina kitajua kwamba mwanafunzi wa ufadhili anafanya kazi za watu mitaani. Sheria unaijua. Watamfutia ufadhili wamrudishe Bukoba."

"Nipe mpaka laasiri."

"Mpaka nitoke kuswali, si zaidi. Mimi ndiye laoban, bosi wa oda hii, na mimi ndiye niliyetiwa hasara."

Akatoka. Bi Fathiya aliigeuza picha upande wa nyuma, polepole, Ameir akimsaidia pembe moja. Nyuma yake, kulizunguka tundu, kulibandikwa utepe mpana wa gundi, ule unaofungia maboksi. Ulibandikwa kabla ya kukata. Kisu kilipita juu ya utepe na kitambaa kwa pamoja, ili nyuzi zisifumuke na rangi isibanduke. Kilifuata mstari wa nywele chini ya taji la maua, kikashuka shavuni, kikazunguka kidevu bila kutetereka mahali popote. Mtu mwenye hasira habandiki gundi kwanza. Huyu aliutaka uso, na aliutaka mzima.

Aliirudisha picha ilivyokuwa, akainama juu ya shingo iliyobaki. Chini ya sikio palikuwa na alama ndogo yenye kung'aa, ambayo asubuhi Othman alisema ni tone la rangi lililomponyoka mchoraji. Ilikuwa na rangi tatu, moja juu ya nyingine. Tone haliji na rangi tatu. Lilikuwa kovu la moto, na lilichorwa kwa makusudi.

Bi Fathiya alimwandikia Othman amtumie ile picha ya simu aliyompa mchoraji. Ilikuja papo hapo: Sihaba kajifunga mtandio mweusi, masikio hayaonekani, shingo haionekani. Bi Fathiya alisimama, akachukua karatasi ya nailoni akaifunika meza ya miungu, wageni na wote. Kovu lililo shingoni mwa mwanamke anayejisitiri hujulikana na mama yake, na dada zake, na mumewe. Othman hakuwa mume bado. Siku akiligundua, jina la Sihaba litaliwa Kariakoo nzima kabla ya ndoa kufungwa.

Nje, ukumbi wa ghorofa ulikuwa mtupu. Miaka ile ya neema ulikuwa hupiti bila kupigwa bega, Wakongo, Wakenya, Wamali, kila mlango kago, kila mlango kelele. Sasa nusu ya milango ilikuwa na makufuli yaliyoshika kutu. Katika iliyobaki wazi mmoja ulikuwa wa Ussi, Mpemba mwuza simu, aliyekuwa ameketi nyuma ya kioo bila mteja, anafuta kioo.

"Nasikia ulisema picha ichomwe moto," Bi Fathiya alimwambia.

"Nilisema, na nitasema tena. Kuwavika nguo hakujaifanya halali." Ussi aliendelea kufuta. "Lakini ningekuwa mimi, Bi Fathiya, ningekata nyuso zote. Ningeanza na yule mwanamume mwenye miguu ya mbuzi."

Bi Fathiya alicheka, cheko lake la kwanza siku ile. "Jana ulimwona nani?"

"Yule mtoto wa Bukoba. Kaingia na rangi zake, katoka na rangi zake, kaniamkia vizuri. Mtu katoka kuharibu mali ya watu haamkii namna ile. Baadaye Ameir akajifungia, nikamsikia anazungumza."

"Na nani?"

"Peke yake. Huku nani hazungumzi peke yake?"

Bi Fathiya mwenyewe asubuhi hiyo aliliuliza birika kama limechoka.

Alipanda treni ya chini ya ardhi mpaka Kangle. Agripina alipanga chumba juu ya karakana ya kushona, katika vichochoro ambavyo majengo yake yamekaribiana hata jua huingia kwa zamu. Mlangoni mlinzi alipomwona tu alipunga mkono, "Mei you, mei you," hakuna, hakuna, kabla hata hajaulizwa nani hayupo. Bi Fathiya alimsalimia kwa adabu akampita akapanda ngazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Naona umeshafunga begi."

"Nikifukuzwa, heri wanikute tayari." Agripina alikuwa binti mrefu, vidole vimekauka rangi, macho hayakulala. Chini yao mashine za cherehani zilinguruma na sakafu ikatetemeka kidogo.

"Ulisema utaichana."

"Nilisema. Kwetu mtu akisema nitakuua, huanzi kuchimba kaburi. Nimewavalisha nguo wale miungu mwezi mzima, mama, nimewajua mmoja mmoja. Nimchane nani?"

"Kovu ulilipata wapi?"

Vidole vya Agripina viliacha kuchezea zipu ya begi. "Kovu gani?"

"Chini ya sikio. Lina rangi tatu. Kwenye picha uliyopewa halipo."

"Lilikuja tu."

"Kovu haliji tu. Mtu amekaa hapa akakuonyesha kwa kidole."

Agripina alitazama dirishani, ambako hakukuwa na cha kutazama ila ukuta wa jirani. "Mama, mimi nikifukuzwa narudi Bukoba, namkuta mama yangu. Kuna mtu mwingine karatasi zake zimekwisha zamani. Yeye akiguswa na polisi atalala ndani kwanza, na haijulikani atatoka lini. Sasa mnataka nimtaje?"

"Usimtaje. Niambie tu nani alikuja hapa kupima picha kwa ajili ya sanduku."

Binti alifumba macho. "Sikulitaja jina lake."

"Hukulitaja. Ameir alipoiona alifanya nini?"

"Alisimama. Futi ya kupimia ilimdondoka, hakuiokota. Akaniuliza huyu nani, nikamwambia ni mchumba wa bosi Othman. Akaweka kidole shingoni, akasema pana kovu hapa, aliungua uji utotoni, bila kovu siye. Nikalichora akiwa amesimama. Nikashuka kufuata maji ya kusafishia brashi, kurudi nikamkuta anazungumza na picha."

"Alisema nini? Nataka maneno yenyewe."

"Alisema, 'Nimekurejea, Sihaba. Nimekurejea.' Nikadhani anaibembeleza. Alikuwa analia, mama, nikaona aibu, nikarudi kukaa ngazini mpaka anyamaze."

Bi Fathiya aliketi juu ya begi la mwenyewe bila kuomba ruhusa. "Lini hiyo?"

"Mwishoni mwa Ramadhani. Nilimkaribisha maji akasema amefunga."

"Idi ilikuwa bado?"

"Bado."

Basi ikawa siyo kesi ya picha tena. Bi Fathiya alimweleza binti wa watu taratibu, maana alistahili kujua alichobeba. Mume akimwacha mke talaka moja, mke hukaa eda, miezi kama mitatu. Ndani ya eda mume akisema nimekurejea, ndoa imerudi, hata kama mke yuko ng'ambo na hakusikia kitu.

Agripina alihesabu kichwani. "Kwa hiyo Sihaba ni mke wa mtu."

"Kama ulisikia sawasawa, ni mke wa mtu. Na mwezi ujao anaolewa na mwingine."

"Basi nitashuhudia. Mimi nilisikia."

"Kadhi atataka Waislamu wawili, mwanangu. Wewe ndiye shahidi wake pekee, naye kakuacha ufukuzwe."

Ndani ya treni ya kurudi, Bi Fathiya alisimama ameshika mpini huku watu wote wameinamia simu zao. Yeye alikaa eda ya kufiwa na mumewe mtaani Xiaobei, katika chumba kimoja, bila jirani wa kumletea hata kikombe cha uji. Ilipofika jioni alikuwa akiijibu televisheni kwa Kichina kibovu, apate tu kusikia sauti yake. Alimwelewa Ameir vizuri mno, na kwa ajili hiyo hasira ilimpanda zaidi.

Kule Tianxiu Ameir alikuwa anapigilia ubao wa mwisho. Bi Fathiya aliketi juu ya robota la nguo.

"Nipe uso, Ameir."

Nyundo ilikaa hewani kidogo, ikashuka. Hakubisha. Aliinama chini ya meza, akatoa mbao mbili nyembamba zilizofungwa kamba, katikati yake karatasi ya nta, pembeni sponji. Alikuwa ameufunga uso wa Sihaba vile wafungavyo vyombo vya kuvunjika.

"Ulimwacha yule binti achukue lawama."

"Nilidhani Othman atapiga kelele mpaka achoke."

"Hakuchoka. Anakwenda chuoni."

"Nikisema ni mimi, ataniuliza mimi ni nani kwa Sihaba." Ameir alikaa sakafuni. Alikuwa kijana bado, ila mgongo ulishainama kwa mizigo ya watu. "Hapa wote wananijua Ameir mfungaji. Hakuna anayejua kama nilikuwa na mke."

"Ulimwachaje?"

"Kwa simu. Kila siku ananiuliza lini narudi, lini narudi. Viza imekwisha, sina njia ya kutoka bila kupita mbele ya polisi, na sikuweza kumwambia. Siku moja nikapandwa na hasira, nikamwambia basi, nimekuacha. Talaka moja. Kisha nikamrejea, Bi Fathiya. Wallahi nilimrejea kabla ya Idi."

"Ulimwambia nani?"

Ameir alizitazama mbao mbili magotini pake.

"Kwa nini hukumpigia mwenyewe?"

"Angeniuliza lini narudi."

Bi Fathiya alimtaka namba. Ameir aliitamka kwa kichwa, bila kufungua simu yake. Unguja ilikuwa bado asubuhi, na sauti iliyopokea ilikuwa nyepesi, ya mtu aliye jikoni.

"Mwanangu, mimi Fathiya binti Gharib, nipo Guangzhou. Nisamehe kwa swali langu. Ulipokuwa edani, Ameir alikupigia?"

Kilisikika kifuniko cha sufuria kikiwekwa chini. "Hakunipigia. Nililala na simu chini ya mto mpaka Idi ikapita. Kwa nini?"

Bi Fathiya alimweleza yote bila kuremba: picha, kovu, maneno, uso uliokatwa, na binti wa Bukoba aliyekuwa akisubiri kufukuzwa. Sihaba alisikiliza mpaka mwisho.

"Yupo hapo?"

"Yupo."

"Usimpe simu. Othman naye yuko karibu?"

"Anatoka kuswali sasa hivi."

"Basi nipelekeni kwake. Msinikate."

Waliupita ule ukumbi mtupu wawili, simu ikiwa wazi mkononi mwa Bi Fathiya. Ofisini kwa Othman walimkuta yeye na Ussi, ndiyo kwanza wamerudi, mikono ya kanzu imekunjwa bado. Ameir aliziweka mbao mezani, akafungua kamba. Uso wa Sihaba ulitazama juu.

"Si Agripina," alisema. "Ni mimi."

Othman aliutazama uso, akamtazama mfungaji wake, na rangi ikampanda. "Wewe? Wewe una nini na mke wangu?"

"Mimi ndiye mumewe aliyemwacha."

"Kabla hujamrukia," alisema Bi Fathiya, "nijibu nami. Picha ya kuchorea ulimpa Agripina lini?"

"Mwezi wa Ramadhani, kwani..." Othman alijikata, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Ussi aligeuka taratibu. "Ramadhani? Na eda imeisha baada ya Idi?"

"Kaka yake ndiye aliyenipa, mimi sikuwa..."

"Ulimposa mwanamke akiwa edani, Othman, haramu tupu! Umeagiza mpaka ukuta wa kumtundika! Halafu ndiye wewe unayekwenda chuoni kushitaki mtoto wa watu kavunja sheria?"

Othman alikaa. "Yule msichana simgusi," alisema mwisho. "Nimemaliza."

"Mashahidi wamekusikia," alisema Bi Fathiya, akailaza simu mezani, kando ya ule uso.

"Ameir," simu ikasema.

Wote wanne waliiinamia.

"Nasikia ulinirejea."

"Ndiyo."

"Mimi sikusikia. Nilikuwepo, simu ilikuwepo, na kila usiku niliitia chaji. Bi Fathiya amesema huna shahidi, na kwamba nikikataa, neno langu ndilo litakalofuatwa. Lakini mimi siwezi kukataa kitu ambacho sikijui. Sitaki kuingia nyumba ya mtu na moyoni najiuliza mimi ni mke wa nani. Na sitaki kumsubiri mtu anayezungumza na picha." Ilipita pumzi moja ndefu. "Mashahidi wapo?"

"Wapo, dada yangu," alisema Ussi, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Basi kama ulinirejea nisisikie, niache nisikie."

Othman aliinuka na kufungua kinywa, maana talaka mpya ni eda mpya, na ndoa ya mwezi ujao ilikuwa inamponyoka machoni pake. Ussi alimshika mkono wa kanzu akamkalisha.

Ameir alijaribu kusema. Bi Fathiya aliwahi kuwasikia wezi wakikiri na wauaji wakilia, lakini hakuwahi kumwonea mtu huruma kama alivyomwonea mfungaji huyu, na hakumsaidia. Simu ilingoja. Hakuna aliyeikata.

Mwisho Ameir alinyoosha mkono akachukua ubao mmoja, akaufunika ule uso wa rangi mezani, akaisogelea simu.

"Sihaba," alisema. "Nimekuacha."

Upande wa pili sufuria ilikuwa inachemka.

"Nimesikia," alisema Sihaba, akakata simu.